Mtu wa Mbeya kwenye tambarare za Rhine na mashamba ya zabibu: mwenye uzoefu wa baiskeli Ujerumani anipe mwongozo

KilimaChaUyole

Habari za jioni wakuu, wapenda baiskeli wote wa Green City, Iringa, Njombe na kwingineko, wakubwa shikamooni, wadogo mambo.

Niende moja kwa moja. Kanisa letu lina urafiki na usharika mmoja wa Ujerumani, upande wa Pfalz, mji unaitwa Neustadt an der Weinstraße, na safari hii kwenye kundi linalokwenda na mimi nimo. Nafika mwishoni mwa Agosti, narudi mwishoni mwa Oktoba. Mzee atakayenipokea nilimwambia WhatsApp kwamba mimi huku ni mtu wa baiskeli, akafurahi kweli, kumbe na yeye ana kikundi chao cha Jumapili, wazee kwa vijana, baiskeli za resi tupu. Akanitumia ramani ya njia yao: wanatoka Neustadt wanashuka mpaka Speyer kwenye mto Rhine, wanaufuata mto mpaka Germersheim, wanakata kwenda Landau, halafu wanarudi Neustadt kwa kupitia vijiji vya mashamba ya zabibu. Kilomita 90 hivi. Anasema wanakwenda wastani wa 28 kwa saa, "taratibu tu". Taratibu!

Sasa mimi baiskeli yangu ni resi ya mtumba niliyoitoa Dar, njia yangu ni Uyole kupanda Isyonje, nikiwa na nguvu nateremka Kiwira mpaka Tukuyu, kurudi ndo kilio kinaanza. Nikiangalia simu wastani wangu ni 20 au 21, siku ya ukungu na malori usiseme. Hiyo 28 inanikosesha usingizi kidogo maana sitaki niwe mgeni wa kusubiriwa kila kijiji. Kwa mnaoijua nchi ile, kukoje huko kwenye hayo mashamba na huo uwanda wa mto, lami ikoje, sheria zikoje, nibebe baiskeli au niazime, na mazoezi nifanyeje kuanzia sasa. Kwa kuwa ni mtu wa milima nilidhani nitawatesa wale wazee ila kadiri ninavyoiangalia ramani naona hakuna mlima wa kuwatesea.

Nawasilisha.

Mbalizi_Stendi

Mkuu wenzako wakipata visa wanawaza namna ya kubaki wewe unawaza wastani wa baiskeli 😂😂 Nakaa pembeni nisome.

BintiLwangwa

Ndaga kaka, umenigusa maana hapo ndo nilipo. Nasoma uuguzi Landau, na hiyo njia uliyoitaja naijua karibu yote, si kwa resi lakini, kwa baiskeli ya kawaida yenye karia na kikapu, siku nikiwa off naizungukia.

Nikupe picha ya mahali kwanza. Upande wa magharibi kuna msitu, Pfälzerwald, vilima vimejaa miti. Chini ya vilima, kwenye ukingo wake, ndo kuna zabibu na vijiji vimejipanga kaskazini kwenda kusini, na barabara inayoviunganisha ndo Deutsche Weinstraße yenyewe, kama kilomita 85, kuanzia Bockenheim mpaka Schweigen-Rechtenbach pale mpakani na Ufaransa, waliizindua 1935. Mashariki ya hapo ni uwanda mpaka Rhine: viazi, mboga, mahindi, tumbaku sehemu za kusini. Kwa hiyo ile safari ya kikundi cha mzee wako asubuhi mtakuwa tambarare mtupu, mchana ndo mnarudi kwenye zabibu, na huko kwenye zabibu siyo tambarare, kuna vimilima vifupi vifupi vya kuingia kijiji na kutoka kijiji. Hivyo ndo vinachosha maana vinakuja mwishoni. Ila kwa mtu wa Isyonje hivyo ni matuta ya barabarani.

Lami ni nzuri. Na usidhani mtapita barabara kubwa na magari muda wote, katikati ya mashamba wana njia za matrekta, za lami au zege, upana wa gari moja, zinakwenda kila upande, magari ya watu hayaruhusiwi lakini baiskeli ruksa. Utakuwa unapita mizabibu imesimama kwenye nyaya mistari imenyooka mpaka inakuumiza macho. Septemba na Oktoba ni mavuno, kwa hiyo ukae chonjo na matrekta yanayovuta matela ya zabibu, yanatoka katikati ya mistari ghafla, yanadondosha matope kwenye kona, na zabibu zilizopondwa kwenye lami zinateleza. Kuna mashine za kuvuna ndefu kama nyumba ambazo zinapita JUU ya mstari wa mizabibu, mstari unabaki katikati ya miguu yake. Ya kwanza kuiona nilisimama kabisa nikaiangalia mpaka ikageuza.

Halafu kingine hakuna atakayekwambia. Kipindi hicho kuna milipuko, paaa! katikati ya shamba, unadhani risasi. Ni mizinga ya gesi ya kufukuzia ndege wasile zabibu. Inalia yenyewe kila baada ya muda. Ukiwa unaendesha mikono imelegea utaanguka.

Vijiji ni vizuri sana kaka sitaki kuficha. Rhodt unter Rietburg, St. Martin, Maikammer, Deidesheim. Nyumba za mawe na mbao, mageti makubwa ya mviringo ambapo matrekta yanaingilia, mizabibu imevuka juu ya mtaa kutoka ukuta huu kwenda ule. Ila mitaa mingi ya ndani ni mawe, siyo lami, na kwa tairi nyembamba za resi meno yatagongana.

Kuhusu wastani mimi sijui, mimi naendeshaga kwa kikapu. Wakubwa watakuja.

Fundi_Soweto

Baiskeli usibebe. Gharama ya ndege, boksi, kufungua na kufunga, na ukifika ukikuta hanger ya derela (kile chuma cha nyuma kinachoshika kibadilisha gia) imepinda utalia. Mzee wa namna hiyo lazima gereji yake ina baiskeli tatu, muulize kimo chake na chako. Wewe beba viatu vyako, PEDALI zako na tandiko lako ulilolizoea, basi. Pedali kifungio karibu zote ni kimoja, unafungua pale unafunga zako, ya kushoto inafungwa kinyume usije ukaivunja. Pima na urefu wa tandiko lako sasa hivi, kutoka katikati ya kranki mpaka juu ya tandiko, andika kwenye simu, ukifika unaweka hivyo hivyo. Magoti ya watu wengi yanaharibikia kwenye baiskeli ya kuazima.

Kaptula yenye sponji ununue mbili.

MzeeWaGangilonga

Kamwene vijana.

Nilisoma Karlsruhe zamani kidogo, ng'ambo ya pili ya Rhine ukitokea hapo Landau, na niliendesha na vikundi vyao miaka yote niliyokaa kule, hadi leo nikienda kusalimia lazima nipande. Kwa hiyo nimjibu kijana wa Uyole kwenye hiyo 28 inayomkosesha usingizi.

Mapafu unayo. Mbeya iko mita 1,700 na ushee, Neustadt iko chini ya 150, ukishuka kule utajisikia kama umeongezewa mashine. Mlima wao mrefu kwenye ile safu ni Kalmit, mita 673, unapandia Maikammer. Ziwa Nyasa pale Kyela maji yako mita 470 na kitu. Yaani kilele chao kikuu kimeizidi fukwe ya Matema kwa mita 200 tu. Kwa hiyo wakikupeleka Kalmit wewe ndo utawasubiri juu, nakuhakikishia.

Tatizo lako litakuwa tambarare, na hili watu wa milimani huwa hawalielewi mpaka yawakute. Sisi huku tunapanda kwa mateso saa nzima halafu tunateremka dakika ishirini bila kukanyaga, miguu inapumzika, unakunywa maji, unanyoosha mgongo. Kule kutoka Neustadt mpaka Germersheim hakuna mteremko wa kukupumzisha. Unakanyaga. Ukiacha kukanyaga unasimama. Saa moja na nusu, saa mbili, miguu inazunguka bila kuacha, matako hayainuki kwenye tandiko, mgongo umekunjwa vile vile, shingo vile vile. Nimeona wapandaji wazuri sana kutoka milimani wanakufa kwenye kilomita ya 60 na hakuna kilima hata kimoja walichokutana nacho. Na ukiongeza upepo ndo balaa, maana lile bonde la Rhine limekaa katikati ya safu mbili za milima, Pfälzerwald huku na Odenwald na Black Forest kule, upepo unafuata bonde, unakuja kutoka kusini au kaskazini na hauna kizuizi. Mkitoka Speyer kwenda Germersheim mnakwenda kusini, siku ya upepo wa kusini hapo ndo mtaongea lugha moja.

Sasa hiyo 28 yao haiendeshwi na mtu mmoja, inaendeshwa na KUNDI. Wanakaa wawili wawili, gurudumu la mbele liko karibu sana na la nyuma la mwenzako, nusu mita au chini, waliopo mbele wanakata upepo, wa nyuma wanafuata kwa nguvu ndogo, baada ya muda wa mbele wanapisha pembeni wanarudi nyuma kabisa, wengine wanachukua. Ukijua kukaa kwenye mgongo wa mtu 28 utaona rahisi mpaka utashangaa. Ukishindwa kukaa, ukiacha mwanya wa mita tano, unabaki peke yako na upepo, na hapo hata 24 haikai. Kwa hiyo usipoteze muda kujazia kupanda Isyonje. Jifunze mawili: kukanyaga gia nyepesi miguu ikizunguka haraka haraka kwa muda mrefu, na kufuata gurudumu la mtu bila kushika breki breki. Breki ya ghafla kwenye kundi ni kosa kubwa kuliko yote, aliye nyuma yako hana pa kwenda.

Na wana lugha yao, ujifunze kabla. Kule njia za mashambani huwa wanaweka nguzo fupi katikati ya njia kuzuia magari, na ukiwa nyuma ya mgongo wa mtu huioni mpaka imeshafika. Kwa hiyo wa mbele anapiga kelele "Poller!" na mkono unaonyesha, na kila mtu anaupeleka ujumbe nyuma. "Auto" gari linakuja. "Frei" njia panda iko wazi, piteni. Shimo wanaonyesha kwa kidole chini upande lilipo. Wewe pia upige kelele, usinyamaze kwa aibu ya Kijerumani, atakayeikumbatia ile nguzo ni aliye nyuma yako.

Pembeni kidogo, maana najua humu mnapenda historia: mkiwa Speyer mko kilomita kama ishirini tu kutoka Mannheim, na ni Mannheim hapo tarehe 12 Juni 1817 ambapo Karl Drais alipanda chombo chake cha mbao cha magurudumu mawili, hakina pedali, unasukuma kwa miguu chini, akaenda nacho kuelekea Schwetzingen na kurudi. Hapo ndo ukoo wa baiskeli ulipoanzia. Na mwaka huo huo 1817 ndo walianza kazi ya kuunyoosha mto Rhine, mhandisi anaitwa Tulla, mto ulikuwa unajipinda pinda kwenye ule uwanda unahama kila mafuriko unameza vijiji, wakakata zile kona. Kona za zamani zimebaki kama maziwa na misitu ya maji, na tuta la kuzuia mafuriko limekwenda kilomita na kilomita, na juu ya tuta au pembeni yake ndo njia za baiskeli mtakazopita. Mbu wapo hapo jioni, wengi tu, ila hawana malaria.

KilimaChaUyole

Shikamoo mzee. Umenimaliza kabisa aisee, hilo la tambarare kuua mtu wa mlima sikuwahi kuliwaza hata siku moja. Sasa huku nitalipata wapi tambarare la saa mbili? Mbeya nzima ukitoka nje ya geti ni kupanda au kushuka. Na kundi la kufuatana magurudumu tuko watu wanne, mmoja ana mountain bike.

MpungaIgurusi

Kaka unauliza tambarare na Usangu ipo? Panda coaster na baiskeli yako juu, shuka Igawa, ingia Rujewa, elekea Ubaruku. Hapo ni sahani. Mifereji ya mpunga kushoto kulia, na mchana ule upepo wa kutoka bondeni ukianza utamkumbuka mzee wa Gangilonga na maneno yake. Njoo na hao watatu wenzako, mimi nina jamaa wawili wa hapa wanaendesha Phoenix wamefunga gunia nyuma na hamtawaacha, nakwambia ukweli, hao watu wanakanyaga mzunguko ule ule toka asubuhi hawajui kupumzika. Wafuate migongo yao.

Ila usifanye mazoezi ya kufuatana kwenye barabara kuu ya Igurusi Chimala. Malori ya Zambia na Kongo hayana mchezo na bega la barabara lenyewe ndo hilo mnalijua.

Af dada wa Lwangwa hiyo mizinga ya ndege nimeicheka, sisi kwenye mpunga watoto wanashinda kwenye vichanja wanapiga madebe na makombeo kufukuza kweleakwelea, kumbe wenzetu wameweka gesi. Inauzwa bei gani?

BintiLwangwa

Bei sijui kaka Mpunga ila majirani wa hayo mashamba wanailalamikia hiyo hiyo kila msimu, utachagua mwenyewe 😄

Kaka wa Uyole, nimekumbuka mambo ya sheria ambayo uliuliza tukayaruka.

Wao wanapita kulia. Najua unajua, ila ukiwa umechoka saa saba mchana unatoka kwenye uwanja wa kijiji kichwa kinarudi Mbeya chenyewe, unashika kushoto. Kila ukianza safari baada ya kusimama jiambie kwa sauti, kulia.

Pili, ndani ya vijiji njia panda ambayo haina kibao wala taa, anayetokea kulia kwako ndiye mwenye haki ya kupita, hata kama yeye katoka kwenye kichochoro na wewe uko kwenye mtaa mpana. Huku kwetu mwenye gari kubwa ndo mwenye haki, kule hapana. Na wenyeji wanatoka kwenye hivyo vichochoro bila kuangalia kwa sababu wanajua haki ni yao.

Tatu, ukiona kibao cha duara cha bluu chenye baiskeli nyeupe maana yake hapo lazima upite njia ya baiskeli, huruhusiwi barabarani. Wale wa resi wanakichukia hicho kibao. Ila wakiwa kundi la zaidi ya watu 15 sheria inawahesabu kama chombo kimoja, wanapita barabarani wawili wawili, na wa kwanza akivuka taa ya kijani wote wanavuka hata ikigeuka nyekundu njiani. Muulize mzee kundi lao ni watu wangapi maana hiyo inabadilisha mambo mengi.

Gari likikupita linatakiwa likuache mita moja na nusu ndani ya mji na mita mbili nje ya mji. Siyo wote wanafuata lakini wengi wanafuata, unasikia gari limetulia nyuma yako halipigi honi, linasubiri. Mwanzoni ilikuwa inanitisha kuliko honi.

Simu mkononi ukiwa unaendesha faini euro 55. Kengele lazima, breki mbili lazima, taa giza likiingia lazima. Helmeti sheria hailazimishi ila kikundi kitakufukuza ukija bila helmeti.

Na Jumapili maduka YAMEFUNGWA. Supamaketi zote. Utapata mkate kwenye beikari asubuhi, baada ya hapo labda sheli. Maji ya bomba yanakunywika, kwa hiyo jaza chupa mbili nyumbani, na zikiisha fanya wanavyofanya wao, ingia makaburini. Nasema kweli, makaburi yao kila kijiji yana bomba la kumwagilia maua na waendesha baiskeli wanajazia hapo. Angalia kibao tu, kikiandikwa Kein Trinkwasser usinywe.

Mbalizi_Stendi

Maji ya makaburini??? Mimi nimeahirisha safari ambayo sikuwa nayo 😂

Matamba57

Mbona hakuna aliyetaja Mosel? Mnamtangazia mwenzenu viazi na matuta ya mto wakati Mosel iko hapo hapo kaskazini magharibi. Mto umejikunja kwenye bonde, kila kona kuna kijiji na zabibu zimepandwa kwenye ukuta wa mlima, pale Bremm kuna shamba linaitwa Calmont mteremko wake ni moja ya mikali kabisa Ulaya kwa zabibu, watu wanavuna wamejishikilia, mizigo inapandishwa kwa kireli kidogo. Njia ya baiskeli inafuata mto, Trier mpaka Koblenz, siku tatu nne kwa raha zako. Mimi kijana wa Matamba niliyezaliwa kwenye kona 57 za kutoka Chimala nikiona hiyo ndo najisikia nyumbani, siyo uwanda wa Rhine.

MzeeWaGangilonga

Kijana wa Matamba, Mosel ni nzuri sana sibishani, divai yao nyeupe ya Riesling pia haina mpinzani. Lakini kwa baiskeli ya resi na kundi, pale bondeni njia moja inashirikiwa na watembea kwa miguu, watoto, watalii wa baiskeli za umeme na mbwa wa kamba ndefu. Septemba huwezi kwenda 28 pale bila kumgonga bibi wa mtu. Mosel ni ya kwenda na mfuko wa nguo, ulale vijijini, ule polepole. Pfalz njia za mashambani ni nyingi kiasi kwamba kundi linaweza kuzunguka asubuhi nzima na wasikutane na watu. Kijana wa Uyole akibakiwa na siku za mwisho mwa Oktoba achukue treni aende Mosel, aone, apige picha, arudi. Kwa Rheinland-Pfalz baiskeli kwenye treni za mkoa ni bure baada ya saa tatu asubuhi siku za kazi, na wikiendi siku nzima.

Matamba57

Haya mzee, nimekuelewa, ila kona bado ni kona 😀

KilimaChaUyole

Wakuu ndaga fijo, hamjui mlivyonisaidia. Nimeongea na wenzangu watatu, Jumamosi tunashuka Igawa, Mpunga nitakucheki inbox.

Nimebaki na moja la aibu kidogo. Mzee ameandika kwamba njia ya kurudi huwa wanasimama kwenye kijiji kimoja "kupata glasi". Mimi pombe siyo mtu wa kukataa kabisa, lakini si mnywaji pia, na naenda kwa jina la usharika. Hiyo glasi ikoje, na polisi wa kule kwa mtu wa baiskeli wakoje?

BintiLwangwa

Hahaha hiyo glasi. Kaka glasi ya Pfalz ni NUSU LITA. Ina vidimbwi vidimbwi kwa nje ili isiteleze mkononi, na wanaijaza divai na maji ya gesi, wanaiita Schorle. Jua kali, umeendesha kilomita 70, inashuka kama soda. Na wana tabia ya kuizungusha glasi moja mezani kila mtu anakunywa anampa mwenzake, ni ukarimu, usiogope, unaweza kupokea ukagusa ukapitisha na hakuna atakayekuhesabia. Au omba Traubensaft, juisi ya zabibu, wanaweka na maji ya gesi vile vile, kwa mbali haitofautiki na hakuna atakayekusemesha. Usharika utakuwa salama.

Polisi: wa baiskeli anapimwa pia. Pombe ikifika promili 1.6 kwenye damu (yaani 1.6 kwa elfu) ni kesi ya jinai hata kama ulikuwa unaendesha umenyooka, na kuanzia 0.3 ukionekana unayumba au ukisababisha ajali inakuwa kesi vile vile. Kwa hiyo glasi moja kwa mwili wako mkavu usiokula toka asubuhi, fikiria.

Na Septemba utakutana na nyingine, divai mpya, Neuer Wein au Federweißer, imekamuliwa juzi bado inachemka, nyeupe kama maziwa, tamu, wanakula na keki ya vitunguu. Watu wa Iringa mtaielewa mara moja, ni tabia za ulanzi, ile pombe ya mianzi, kabisa, asubuhi juisi jioni inakuangusha. Chupa haifungwi ikakaza maana itapasuka, kifuniko kina upenyo, lazima isimame wima. Mwenzangu wa darasani aliiweka ya zawadi kwenye mfuko wa mgongoni wa jezi yake, akainama kwenye usukani kama mnavyoinamaga nyie wa resi. Mgongo wote mpaka soksi, na nyigu wa mwezi wa tisa wakamfuata mpaka Landau.

MzeeWaGangilonga

Ulanzi wenyewe siku hizi wa mgema mmoja mmoja, mnanitamanisha bure.

Kijana, mimi niongezee kitu cha ratiba. Umesema unafika mwishoni mwa Agosti, tarehe gani hasa? Nauliza kwa sababu Jumapili ya mwisho ya Agosti wanaifunga Weinstraße yote kwa magari, kaskazini mpaka kusini, zaidi ya kilomita 80 za barabara ni baiskeli na miguu tu mpaka jioni. Vijiji vyote vinatoa meza nje. Siyo siku ya resi maana watu wanajaa, ila kwa kuijua njia na kuzoea kupita kulia bila gari hata moja hakuna siku nzuri kuliko hiyo.

KilimaChaUyole

Mzee nafika Alhamisi, Jumapili yake ndo hiyo hiyo ya mwisho! Sasa hivi namwandikia yule mzee aniambie kama gereji ina baiskeli ya mtu wa sentimita 174.

Fundi_Soweto

Fremu ya 54. Mwambie 54 au 53, asikupe 58 yake ya ujanani. Na pedali zako usisahau spana ya kufungulia, 15 au funguo ya L ya 8, angalia zako ni za namna gani. Weka kwenye begi la kushushwa siyo la mkononi, watakunyang'anya uwanja wa ndege.